Kazi Yangu ya Kuvua Masango

Wadogo zangu wawili mnaobaki na beseni, bandeji na funguo za nyumba ya dawa, juzi mliniuliza kwa nini naacha kazi, nami nikawajibu kwa kucheka. Kucheka kwangu mnakujua, wakati mwingine hakuna kitu ndani yake. Huku Tengeru watu wananitania kwamba nimestaafu kabla sijaota mvi hata moja, na mama anasema mstaafu ni mtu aliyechoka, sasa mimi nimechoka nini? Sina jibu fupi. Shule yangu ni ile ya misheni, madarasa machache, nikatoka najua kusoma, kuandika, na kuhesabu bila kuvua viatu ambavyo hata hivyo sikuwa navyo. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, toka mwanzo kwenda mwisho, mpate kujua kazi hii ilikuwaje kabla haijanishinda.

Nyumbani kwetu ni kwa mhunzi. Baba anafua mikuki, visu na kengele za ng'ombe. Mama anavisha masango, zile waya nene za shaba ambazo wake za watu wa mlima huu, Wameru na Waarusha, huzungushiwa mikononi kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, na wengine miguuni pia. Bibi harusi hukaa chini, mama humpaka mafuta ya kondoo, halafu huzungusha waya duru juu ya duru, akiigonga kwa nyundo ya mti ili ishike. Ikishashika haivuliwi. Mwanamke ataoga nayo, atalima nayo, atazaa nayo. Huvuliwa mume akifa, basi. Ndiyo maana huku kwetu ukiona mkono mtupu wa mwanamke mzima huulizi habari za nyumbani, unampa pole moja kwa moja.

Alipofika Bwana Mganga, yule daktari Mjerumani wa misheni, alikuta wanawake wengi wanalalamikia mikono. Akatazama, akaona nyama imevimba juu ya waya na chini ya waya, na katikati kuna harufu. Akasema kwa Kiswahili chake, "Waya baya. Waya toa." Akamwita baba. Baba akamwambia mwanamume hashiki mkono wa mke wa mtu asubuhi nzima, labda anatafuta kuchomwa mkuki aliofua mwenyewe. Akamwita mama. Mama akasema, "Mimi navisha. Anayetaka kuvua avue mwenyewe, tumwone." Kisha akaongeza, "Lakini nina binti. Hana kazi, anaota ndoto mchana. Mchukue." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku yangu ya kwanza aliletwa bibi mmoja wa Maji ya Chai, mjane ambaye watoto wake walichelewa kumvua, mguu umevimba hadi vidole vinang'aa. Nilianza kwa koleo, kwa haraka, nikitaka Bwana Mganga anione hodari. Waya ikaruka, ikanichana kidole gumba, bibi akashtuka akapiga teke beseni, maji yakamwagikia viatu vya daktari. Mgonjwa wa kwanza kufungwa bandeji siku ile nilikuwa mimi. Bibi alicheka mpaka akasahau mguu wake, na nadhani hiyo ndiyo dawa pekee aliyopata asubuhi ile.

Nawaachia vifaa vyangu, kwa hiyo sikilizeni. Koleo ni la mwisho, si la kwanza. Mkalishe mgonjwa, mkono wake ulale juu ya mfuko wa mchanga, usiulalishe mezani, kwa sababu meza ni ngumu na kiungo kinachouma kinaijua. Paka mafuta, subiri. Tafuta mkia wa waya, huwa umefichwa upande wa kiwiko. Uinue kwa kile kigingi changu cha mzeituni mwitu, halafu fungua duru moja moja, taratibu, ukiongea. Kuongea ni sehemu ya kazi. Ngozi ya chini utaikuta nyeupe na laini, kama kitu kilichokaa chini ya jiwe, na mwenyewe ataificha kwa nguo kama aliyekutwa uchi. Usiitazame sana. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, umpe kitambaa.

Mafuta, kwa Waarusha, yana kazi ya pili. Hawa wenzetu wa magharibi ya mlima, wanaoongea Kimaa, wanaamini mhunzi ana mkosi, na mtu akiguswa na wa kwetu bila kujipaka mafuta kwanza, mkosi utamhamia. Mimi sikuwahi kukasirika. Nilikuwa nahitaji mafuta hata hivyo, na wao ndio walioyaleta.

Wengi walipona kweli. Wale waliokuwa na vidonda chini ya waya, ukivua, ukiosha, ukifunga, baada ya muda wanarudi na ndizi mkononi kukushukuru. Nikaanza kuota. Mnajua nilivyo. Nilikuwa nikishuka jioni kwenye migomba najionea mlima mzima, wanawake wote mikono mitupu, wanapunga, hakuna anayeumwa. Nilijichorea na nyumba ya dawa nyingine kubwa yenye madirisha ya vioo, mimi nimekaa kibarazani nina miwani. Miwani sijui ilitoka wapi, macho yangu ni mazima.

Bwana Mganga alinifundisha kutazama. Watu huku wakiumwa viungo wanasema ni baridi yabisi, baridi ya mlima imeingia kwenye mifupa, na neno hilo linabeba kila kitu. Yeye hakulipenda. Alikuwa anamshika mgonjwa mkono kama anamsalimia, halafu anaminya safu ya vifundo vya vidole polepole, macho yake yako usoni kwa mgonjwa. "Mkono danganya," aliniambia. "Uso hapana." Kisha anauliza asubuhi inakuwaje. Aliyechoka kwa jembe huamka mzima, jioni ndiyo anaumwa. Mwenye ugonjwa wenyewe huamka amekuwa gogo, anasubiri jua lipande ndipo vidole vikubali kufunguka. Na ugonjwa huo unapenda pacha: ukishika kifundo cha kulia, unashika na cha kushoto. Kumbukeni hilo, mtalihitaji hapa chini.

Kulikuwa na magumu mengine. Mtoto wa Makumira alikuja na goti limevimba, kesho yake goti limepona kiwiko kimevimba, baba yake anacheka anasema ugonjwa wake unacheza kombolela. Bwana Mganga hakucheka. Aliweka kile kimrija chake cha mbao kifuani kwa mtoto, akasikiliza muda mrefu, akanipa na mimi nisikilize. Moyo wenye afya unagonga kama mtu anayetwanga. Ule ulikuwa unatwanga na kupuliza, kama mvukuto wa baba wa kupulizia moto. Viungo vilipona vyote, baba mtu akaleta kondoo wa shukrani. Moyo ulimchukua mtoto kabla mvua kubwa hazijaisha. Na msichana mmoja wa juu kwenye kahawa, jua likimpiga kidogo anaota wekundu puani na mashavuni, nywele zinatoka kwa mafungu, viungo vinauma, mkojo una povu. Bwana Mganga alifungua vitabu vyake vyote. Alipovifunga alikuwa amekunja uso, na msichana alifia nyumbani kwao akiwa amefunikwa shuka usoni, kwa ombi lake mwenyewe.

Lakini hao hawakuniondoa kazini. Aliyeniondoa ni Nasieku.

Nasieku ni Mwarusha, mkubwa kwangu kidogo. Alikuja amepanda punda, magoti hayakunjiki, na mama mkwe wake anamwongoza punda huku mtoto mchanga amembeba mgongoni. Nikatoka nje.

"Takwenya, koko," nikamsalimia yule bibi, kama wanavyosalimiana wao.

"Iko," akaitikia. Akatoa kibuyu cha mafuta, akaanza kumpaka mkwewe mikono yote kabla sijasogea. "Mtoto wa nyundo, simama hapo hapo. Usitupumulie."

"Mwache apumue, yeyo," Nasieku akamwambia. Yeyo ni mama kwa lugha yao. "Mimi nimeshaumwa na kila kitu. Huo mkosi ukija utakuta pamejaa."

Nilimpenda hapo hapo. Nikamwuliza asubuhi zake.

"Asubuhi naamka mti. Naenda kukamua, vidole vinakataa kufunga. Ng'ombe anageuka ananitazama kwa huruma, na yule ng'ombe hana huruma na mtu." Akainua mikono. Vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kulia na kushoto, vilikuwa kama vitunguu. Kuanzia kifundo cha mkono kwenda juu kulikuwa na masango ya shaba, mazuri, yanang'aa. Nilizijua zile duru. Ilikuwa kazi ya mama.

"Mtoto unambebaje?"

"Kama kuni. Kwa hii mikono ya juu. Simshiki, nampakia."

Bwana Mganga alimsalimia kwa ile salamu yake. Uso wa Nasieku ulibadilika rangi, ila alijikaza akasema tu, "Mwambie akinipenda asinishike namna hiyo." Nilitafsiri, maana yeye hana Kiswahili na daktari hana Kimaa. Daktari akatabasamu, akagusa waya. "Waya toa. Mkono pona."

Yule bibi aliponisikia nikitafsiri alisimama. Mnapaswa kujua kwamba mume wa Nasieku, Lomayani, alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya askari tangu vita ya Wazungu ilipoanza, wakaelekea mpakani. Wenzake wengine walikuwa wamerudi. Mmoja alisema alimwona akiwa hai, mwingine alisema hakumwona kabisa, wa tatu alikataa kusema.

"Mwambie mzungu wako," bibi akaniambia, "huyu akivuliwa masango, mwanangu amekufa. Mimi mama yake sijamlilia, halafu ninyi mnamzika kwa koleo?"

"Koko, ni kwa ajili ya dawa tu, si msiba."

"Nani atakayeuliza? Ana shemeji pale bomani kwetu, kaka mtu, anangoja. Akiona mkono mtupu wazee wataitwa, kesho yake mkuki wake umechomekwa mlangoni kwa huyu. Ng'ombe wake, watoto wake, yeye mwenyewe, vyote vimehamia. Lomayani akirudi atakuta kaka yake amekaa kwenye kigoda chake."

Nasieku alikuwa anatazama mikono yake juu ya mfuko wa mchanga. Halafu akasema, "Vueni mmoja."

Hakuna aliyemwelewa.

"Wa kushoto. Mmoja wa dawa, mmoja wa mume."

"Kwa hiyo mwanangu amekufa mkono mmoja?" bibi akauliza.

"Hapana, yeyo. Huu wa kushoto shaba yake alileta mama yangu. Wa kulia ndio wa mwanao, na huo hauguswi."

Bibi alitaka kukasirika, mdomo ukamsaliti, akacheka. Wakakubaliana kwamba njiani mkono wa kushoto utakaa ndani ya nguo, na kwamba wakae kwenye kile kibanda cha wagonjwa mpaka upone, ili shemeji asione kitu. Mimi nilimwambia Nasieku, kwa moyo wangu wote, kwamba kabla ndizi za uani hazijaiva atakuwa anakamua. Nilikuwa naamini. Bwana Mganga naye aliamini, na nadhani hata yule bibi, maana ndiye aliyeushika mkono wakati nafungua.

Ilichukua asubuhi nzima. Kiungo chini ya waya kilikuwa cha moto na laini kama parachichi lililobonyezwa. Nasieku hakulia. Aliniuliza nina mchumba, nikasema sina, akasema, "Nani atakuoa, unavua wake za watu." Nilipomaliza nilitundika ile waya, nzima, bila kuikata, kwenye msumari karibu na dirisha.

Bwana Mganga alimpa na vidonge, vile vyeupe vya kutoka kwao, vya kupoza maumivu na homa ya viungo. Wiki zile zilikuwa nzuri kuliko zote nilizofanya kazi hapa. Uvimbe wa kushoto ulishuka. Akaanza kufunga ngumi. Asubuhi moja nilimkuta amekaa chini ya ng'ombe wa misheni anakamua kwa kushoto, maziwa yanakwenda pembeni zaidi ya kwenye kibuyu, na bibi anamwambia anawanywesha nzi. Masikio yalikuwa yanamvuma kama mzinga wa nyuki kwa sababu ya vidonge, tumbo linamchoma, lakini anacheka. Mkono wa kulia nao ulikuwa umepungua, ndani ya waya zake. Tuliutania. Nasieku alisema umepona kwa wivu.

Nilikwenda nyumbani kwa mama kama mtu aliyeshinda vita. Nikamwambia aache kuvisha. Nikamwambia waya zake zinawaumiza watoto wa watu.

"Huyo wako anaendeleaje?" akauliza, hajaacha kugonga.

"Mikono yote miwili inaendelea vizuri."

"Wa kulia mmeuvua?"

"Hatujauvua."

Akanitazama. "Sasa waya zangu zina kosa gani?"

Nikamjibu kwamba hajui dawa. Ni kweli hajui. Hata sisi.

Kisha vidonge vikaisha. Meli za Ujerumani zilikuwa hazifiki tena pwani, kilichokuwa kwenye kabati ndicho kilichokuwa kwenye nchi nzima kwa jinsi tulivyoelewa. Bwana Mganga alipunguza, akagawa nusu nusu, akagawa robo, halafu akaanza kufungua kabati na kulifunga bila kutoa kitu. Haikuchukua muda. Nasieku aliamka asubuhi moja ameganda, homa, na uvimbe umerudi. Mkono wa kulia, wenye masango, ulivimba. Mkono wa kushoto, mtupu, msafi, tuliouosha na kuutunza kama yai, ulivimba vilevile.

Bwana Mganga alitandika kitambaa cheupe, akailaza mikono yote miwili juu yake, ubavu kwa ubavu. Akainama. Akaminya huu, akaminya ule. Vidole vilikuwa vimeanza kupinda kuelekea upande wa kidole kidogo, huku na huku, kwa kiasi kile kile. Kwenye viwiko kulikuwa na vinundu vidogo vigumu, kimoja kulia, kimoja kushoto. Nilisimama pale nikiwa na mafuta mkononi, naelewa taratibu, kama mtu anayesikia maji kabla hajauona mto. Tulikuwa tumeuvua mkono mmoja na kuuacha mwingine, na ugonjwa haukuwa umejali hata kidogo.

"Ugonjwa toka ndani," akasema. "Si baridi. Si waya. Ndani."

"Una dawa yake, Bwana?"

"Jina iko." Akaanza kukunja kitambaa kabla mikono haijaondoka juu yake. "Dawa hapana."

Nasieku akanivuta nguo kwa kiwiko. "Amesema nini?"

Nikamwambia. Sikupunguza neno, ingawa mnajua mimi napenda kupunguza.

"Muulize," akasema, bila ukali, "kama waya haikuwa kosa, kwa nini mliivua?"

Nilitafsiri. Bwana Mganga alikwenda kwenye beseni akanawa mikono, mikono ambayo ilikuwa safi, akanawa muda mrefu.

Hatukukaa tu. Tulijaribu mifuko ya mchanga wa moto, tulijaribu kukanda, bibi alichemsha supu ya mizizi ya kiloriti ambayo Waarusha huipa viungo, nami nikamshikia kibuyu anywe. Mchanga ulimpa nafuu ya muda wa kupoa kwa mchanga. Magoti yalifunga kabisa. Mikono juu ya vifundo ilikonda, ikawa miguu ya korongo yenye mafundo, hata yale masango ya kulia, ambayo mama aliyakaza kwa nyundo, yakawa yanazunguka yenyewe. Nilikuwa namsimulia hadithi asubuhi, hadithi za kuchekesha, na alikuwa anacheka mahali panapostahili, halafu analala huku amefumbua macho. Nilikuwa najiuliza ni mwili gani huu unaomgeukia mwenyewe, unamla kwa utaratibu kulia na kushoto kama anayegawa haki. Hata kidonda kina adabu, kinakuonyesha mlango kilipoingilia.

Mara moja nilimkuta anajaribu kumfunga mtoto nguo. Mtoto alikuwa ameanza kusimama, akadhani mama yake anacheza, akawa anakimbia na kurudi. Nasieku alimwita kwa midomo, akamkamata kwa viwiko, fundo likakataa. Alijaribu kwa meno. Nilisogea nimsaidie, akasema, "Subiri kwanza." Nikasubiri. Hakuweza. Alimwachia mtoto akaenda na nguo inaburuta.

Siku bibi alipoleta punda kumchukua, Nasieku alisema hatoki. Bibi akadhani amekataa kurudi nyumbani.

"Nitarudi," Nasieku akasema. "Lakini sirudi na mkono huu mtupu. Nivisheni."

Nilimwambia kiungo kimevimba, atapata maumivu ya bure.

"Ya bure?" Alinitazama kana kwamba nimesema kitu cha kuchekesha. "Mlipovua niliumia ili nipone. Sikupona. Sasa acha niumie ili niwe na mume. Wewe una dawa nyingine unayotaka kunipa? Sema, mimi nasikiliza."

 Bibi alikuwa amegeuka upande wa punda, anafunga kamba iliyokuwa imefungwa tayari.

Nilipeleka mtu amwite mama. Mama alituma jibu kwamba haji. "Yeye ndiye aliyevua," alisema. "Kuvisha anajua, nilimfundisha akiwa mdogo. Amesahau kwa kupenda." Nikamwendea Bwana Mganga, nikitumaini atakataa, atasema ni hatari, aniondolee kazi ile. Alikuwa anafunga vitabu vyake kwenye sanduku, maana naye alikuwa ameitwa kwenda kwa askari, kama mnavyojua. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Taratibu," akasema. "Chini weka kitambaa."

Nilitoa waya kwenye msumari. Shaba ilikuwa imefifia, nikaisugua kwa majivu. Bibi alimpaka Nasieku mafuta, na safari hii, kabla sijaanza, alichukua mkono wangu akanipaka na mimi, bila kusema kwa nini. Nikazungusha kitambaa laini. Nikaanza juu ya kifundo, mahali ambapo waya ingegusa mfupa kidogo iwezekanavyo, duru moja, nikagonga kwa ngumi badala ya nyundo, duru nyingine. Nasieku alikuwa ameuma kona ya nguo yake. Sikuongea. Wadogo zangu, niliwaambia kuongea ni sehemu ya kazi, lakini siku ile nilifanya kazi kimya kama mtu anayeiba.

Waya ile ilipimwa kwenye mkono wa bibi harusi mnene, mwenye afya. Nilipofika karibu na kiwiko cha mkono huu, ilikuwa imebaki ndefu, inaning'inia kama mkia. Nikachukua koleo nikate.

"Usikate," Nasieku akasema, ametema nguo. "Ifiche ndani. Lomayani akirudi nitanenepa, mtaihitaji."

Nikaikunja kidogo kidogo, nikaifungia ndani ya kitambaa ili isimchome. Tulimpandisha punda, bibi amemkumbatia kiuno, mtoto mgongoni kwa bibi. Mikono aliiweka juu ya mapaja, yote miwili nje ya nguo, ili njiani kila mtu aione.

Hajarudi. Nasikia kwamba analishwa, na kwamba shemeji bado hajachomeka mkuki. Habari za Lomayani hakuna. Wiki ile ile alikuja mama mmoja wa Tengeru, ana kidonda chini ya waya, kitu chepesi, cha kuvua na kuosha, mnakijua. Alikaa, akalaza mkono juu ya mfuko wa mchanga. Nikapaka mafuta, nikautafuta mkia, nikauona. Nikakaa nao mbele yangu mpaka mafuta yakakauka, yeye ananisubiri kwa heshima. Mwishowe nikawaita ninyi mmvue.